Kwanini soda ilikuwa inashinda maji nyumbani kwa dada yangu Mbagala

Nimemuomba dada yangu ruhusa niandike hii habari yote kama ilivyo, kakubali ila kasema majina nisiweke, kwahiyo hapa mtasoma dada, shemeji, bibi na watoto basi. Naiandika kwa sababu naona nyumba nyingi sana ziko hivi hivi na watu wanashauriwa "punguzeni soda" halafu inaishia hapo, na mimi naamini kabisa kwamba tatizo la ile nyumba lilikuwa maji, soda ilikuja tu kukaa mahali ambapo maji hayakuwepo.

Nyumba ina watu sita. Dada, shemeji anayeendesha bajaji, mama mzazi wa shemeji ambaye sote tunamuita bibi na ana kisukari cha siku nyingi, halafu watoto watatu: mkubwa wa kiume yuko form two, wa katikati binti yuko darasa la tatu, na mdogo kabisa ambaye wakati tunaanza haya mambo alikuwa bado ananyonya. Kilichofanya tukae chini tuongee ni meno ya huyu binti. Alikuwa halali usiku, jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mzizi, na daktari wa meno alipomuangalia akakuta mengine matatu yameshaanza, akauliza swali moja tu, mtoto anakunywa nini kwa siku.

Dada akajibu maji. Na hakuwa anadanganya, yeye mwenyewe aliamini hivyo maana nyumbani maji yapo, ndoo ipo. Ila tulipokaa na binti mwenyewe akatuhesabia siku yake ikawa hivi: asubuhi chai ya rangi na sukari vijiko viwili, shuleni akipewa mia tano ananunua juisi ya pakiti au zile za kwenye mifuko zilizogandishwa, jioni baba akirudi na ile chupa kubwa ya plastiki anamiminiwa glasi yake. Maji? "Nikisikia kiu sana." Sasa pigeni hesabu na mimi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4 za sukari, soda nyingi zina gramu 10 mpaka 13 kwa kila mililita 100 na juisi za pakiti haziko mbali na hapo, kwahiyo chai gramu 8, juisi kama 25, glasi ya jioni kama 26, tayari tunakaribia gramu 60 na hapo hatujagusa andazi wala biskuti. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linasema sukari ya kuongezwa na ile ya kwenye juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndo bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wake hiyo inakuja kama gramu 40 mwisho wa juu, na nusu yake ndo pazuri. Yani vinywaji peke yake vilikuwa vimeshapita mstari kabla hajala kitu.

Dada akachukua hatua siku hiyo hiyo, akapiga marufuku. Hakuna soda ndani ya hii nyumba, hakuna juisi, anayetaka anywe maji. Namuelewa kabisa, mama ameona mtoto wake analia na jino usiku kucha unategemea afanye nini. Lakini marufuku haikufika mbali. Mkubwa akawa anakunywa kwa rafiki zake, binti akawa anaenda kukaa kwa jirani mida ya saa kumi na moja akijua kule kuna kitu kwenye friji, bibi akanuna kwamba anabaniwa, na shemeji akawa anamaliza ya kwake kwenye bajaji kabla hajaingia ndani. Na maji kwenye ndoo yakabaki vile vile, hayakupungua kwa kasi yoyote mpya. Hicho ndo kilichonifanya nianze kuangalia ndoo badala ya kuangalia soda.

Ile ndoo ilikuwa chumbani kwa dada. Ndani, pembeni ya kitanda, imefunikwa na sinia na juu ya sinia kikombe. Sababu yake ni nzuri, watoto wasichovye mikono. Lakini maana yake mtoto akitaka maji lazima aombe, na baba akiwa amelala mchana baada ya kukesha barabarani mlango umefungwa, basi hakuna maji. Pili, maji yenyewe yalikuwa ya kisima na yana chumvi, wanaokaa upande ule wanajua, visima vingi vya ukanda wa pwani ndo vilivyo, unaoga nayo sabuni haitoi povu vizuri sembuse kunywa. Tatu yalikuwa yanachemshwa kwenye mkaa sufuria wazi kwa karibu nusu saa, kwahiyo yanatoka na chumvi yake palepale, kuchemsha hakuondoi chumvi, maji yanapungua chumvi inabaki, na juu yake harufu ya moshi. Nne yalikuwa ya vuguvugu. Friji ipo, tena nzima, ila ndani yake kulikuwa na soda, samaki, na nyanya.

Jamani mimi niliyanywa. Yalikuwa magumu kumeza. Mtoto wa miaka tisa katoka shule Dar es Salaam saa nane mchana, upande mmoja kuna kitu cha baridi, kitamu, kimefungwa na kizibo, na upande mwingine kuna maji ya moto moto yenye chumvi na moshi ambayo mpaka aombe ruhusa, hivi kweli tunasema huyu mtoto ana tabia mbaya ya kupenda sukari?

Na kulikuwa na la tano ambalo dada alilisema baadae kwa sauti ndogo, hofu. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 mtaani kwao watu waliugua, na tangu hapo kichwani mwake maji ya nje ya nyumba yote ni hatari, akawa anawaambia watoto kabisa "ukiwa shule usinywe maji ya bomba, nunua juisi." Huo ushauri ulikuwa na akili ndani yake, kwa wakati ule alikuwa anamlinda mwanae. Tatizo ni kwamba ulibaki mpaka leo na hakuna aliyempa njia nyingine.

Nitatoka kidogo Mbagala niende Mexico kwa sababu kule kuna mji unaitwa San Cristóbal de las Casas, kwenye milima ya jimbo la Chiapas, ambao unafundisha jambo hili kwa ukubwa wake. Chiapas ni kati ya majimbo yenye mvua nyingi sana Mexico, lakini kuna mitaa ya ule mji ambayo bomba linatoa maji mara chache kwa wiki na wananchi wananunua ya magari, wakati kiwanda cha soda kilichopo hapo hapo kina kibali cha kuvuta zaidi ya lita milioni moja kwa siku. Watu wananunua soda kwa sababu iko kila kona na wana uhakika nayo kuliko maji. Imeingia mpaka kwenye ibada, kule San Juan Chamula jirani yao soda inatumika kanisani kwenye maombi ya uponyaji. Novemba 2016 serikali ya Mexico ilitangaza hali ya dharura ya kiafya kwa ajili ya kisukari na unene. Na kodi waliweka, peso moja kwa lita kuanzia Januari 2014, na ilifanya kazi, manunuzi yakashuka asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 mwaka wa pili ukilinganisha na pale yangekuwa bila kodi. Naiheshimu sana hiyo kodi. Ila kodi inafanya soda iwe ghali, haimletei mtu wa San Cristóbal maji bombani, hiyo ni kazi nyingine.

Upande wa pili kuna Ujerumani, miji ya Dortmund na Essen, shule za msingi za mitaa ya watu wa kipato cha chini, mwaka wa masomo 2006 mpaka 2007. Watafiti walichukua shule 32 zenye watoto karibu 3,000, nusu hivi ya shule wakaziwekea mabomba ya maji ya kunywa yaliyopozwa, kila mtoto akapewa chupa yake na vipindi vichache darasani kuhusu maji, basi. Mwisho wa mwaka watoto wa shule zenye mabomba walikuwa wanakunywa karibu glasi moja zaidi kwa siku, na hatari ya kuwa na uzito uliozidi ikawa chini kwa asilimia 31 kuliko wenzao. Hawakukataza soda. Na niseme ukweli wote, kiasi cha soda na juisi walichokunywa hakikubadilika sana, kwahiyo maji kuwa karibu hayamalizi kila kitu, lakini peke yake tayari yalileta tofauti inayoonekana kwenye mwili wa mtoto.

Turudi kwa dada. Tulichofanya kwanza ni chanzo. Pale mtaani kuna mahali panauzwa maji yasiyo na chumvi, dumu la lita 20 ni ghali kuliko la kisima lakini ukiamua kwamba hilo ni la kunywa tu na kupikia chai, kufua na kuoga mnaendelea na ya kisima, hesabu inabebeka. Wao dumu moja linakaa siku mbili hivi. Ile chupa kubwa ya jioni pamoja na mia tano tano za shule kwa wiki vilikuwa vinakula hela nyingi kuliko hayo madumu, dada alipoandika kwenye karatasi alikaa kimya kabisa.

Halafu kutibu. Maji yakishachemka kabisa yakatokota kwa dakika moja huku pwani inatosha, ile nusu saa yote ilikuwa inaunguza mkaa tu, na ukiweka mfuniko moshi hauingii sana. Siku ambayo gesi na mkaa vyote shida kuna vidonge vya kutibu maji, unasoma maelezo ya paketi kwa maana ukubwa unatofautiana, kama maji yana tope unayachuja kwanza kwa kitambaa safi, unaweka, unasubiri nusu saa. Hapa niwaambie walioko Arusha na maeneo ya kule bonde la ufa msichukue hiki kipande kizima kizima, kwenu kuna sehemu maji yana floraidi nyingi inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na floraidi haitoki kwa kuchemsha, hapo chanzo cha maji ndo cha kutafuta kwanza au chujio la mkaa wa mifupa kama lile lililofanyiwa kazi kituo cha Ngurdoto, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji.

Kisha mahali, na hili mimi ndo naliona lilibadilisha nyumba. Ndoo ikatoka chumbani, wakanunua yenye koki, ikawekwa juu ya stuli pale sebuleni karibu na mlango, kila mtu ana kikombe chake, mtoto anafungua mwenyewe hakuna kuchovya hakuna kuomba. Chupa zikaoshwa zikajazwa zikaingia friji rafu ya mbele. Soda haikukatazwa tena, ila hakuna kuhifadhi soda ndani ya friji, anayeitaka aende dukani anywe pale pale ya chupa ya kioo arudishe chupa. Umeme ukikatika dada ana mtungi wa udongo wa mama yetu, ulikuwa nyuma ya nyumba umepandwa mchaichai, tukautoa tukausugua, na aisee maji ya mtungi mtoto akinywa anarudia.

Shemeji hakuambiwa asilete soda. Dada alimwambia tu ukirudi jioni lete tikiti au machungwa, watoto wakusubirie hicho. Kwa sababu nilivyoangalia, ile chupa ya jioni ilikuwa upendo wa baba, mtu katoka saa kumi na moja alfajiri anarudi watoto wanamkimbilia mlangoni wanapokea mfuko, ukimnyang'anya hilo bila kumpa kingine umemuumiza bure.

Bibi ndo alikuwa mgumu na nina sababu ya kumuongelea kirefu. Yeye soda aliacha zamani kwa ajili ya sukari yake, ila alikuwa anakunywa juisi kila siku, ya embe, ya ukwaju, ya parachichi, kwa imani kwamba ni matunda. Ukwaju ulikuwa unatiwa sukari mpaka unanata. Na hata ile isiyotiwa sukari, ukishasaga maembe matatu kwenye glasi moja, mwili unapokea sukari ya maembe matatu kwa dakika mbili, tofauti na mtu aliyekaa akala embe moja analitafuna. Hakuna mtu aliyewahi kumueleza bibi hivi. Tulimueleza kwa heshima, "mama, embe utakula kipande, ila tusikusagie", akakubali kwa shingo upande, na sasa hivi anakunywa maji yenye vipande vya tango na ndimu ambayo mjukuu wake ndo anamtengenezea, nadhani anayapenda zaidi kwa ajili ya mtengenezaji.

Lakini kuna jambo la hatari hapa nalisema kwa msisitizo. Bibi anatumia dawa za kisukari, na mtu wa dawa hizo au insulini sukari yake inaweza kushuka ghafla, anatetemeka, jasho, anachanganyikiwa. Hapo soda ya kawaida au maji yenye sukari ndo dawa, kama nusu glasi hivi ya soda ina karibu gramu 15 za sukari, unampa, unasubiri dakika 15, unapima tena kama una kipimo, na kama hawezi kumeza usimlazimishe mdomoni mkimbize hospitali. Kwahiyo wakati dada anasafisha nyumba akataka kuondoa kila kitu nilimzuia, kopo la sukari na chupa moja ya soda vikae mahali ambapo kila mtu anapajua, viandikwe vya bibi. Na iwe ya kawaida, ile isiyo na sukari hapo haisaidii kitu.

Mtoto mdogo naye, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imeshika kasi ya maji watu wakaanza kumpa na yeye kijiko kijiko. Alikuwa hajafika miezi sita. Huyo ni maziwa ya mama tu, maji yanamjaza tumbo bure na yanaweza kumletea kuhara.

Wageni. Hili lilimsumbua dada kuliko sukari yenyewe, kwamba mgeni akija nimpe maji? Watasema nimekuwa mchoyo. Na kweli siku ya kwanza ndugu wa shemeji walikuja wakaletewa maji ya baridi kwenye glasi za kabatini, karanga na matikiti yamekatwa vizuri kwenye sahani, mama mmoja akasema "hata soda wifi?" Akajibu shemeji mwenyewe, "shangazi hapa tunauguza meno na sukari, karibu tikiti." Ikaisha. Mwanaume wa nyumba akilisema yeye kwa ndugu zake linapita, dada angelisema lingefika mpaka kijijini. Mimi naomba akina baba mlione hili, nusu ya mzigo wa kubadilisha chakula nyumbani ni lawama za ndugu na zinamuangukia mwanamke.

Sasa kuna sehemu ambayo haijakaa sawa mpaka leo, shemeji mwenyewe. Mchana kutwa yuko kwenye bajaji anakunywa energy, mbili wakati mwingine tatu. Nilidhani ni usingizi, na usingizi upo, ila siku moja akanieleza vizuri: "Shem, nikinywa maji nakojoa wapi?" Kumbe hapo ndo penyewe. Choo cha stendi ni cha kulipia, ukiacha bajaji abiria wanaenda kwa mwingine na hujui ukirudi utakuta vioo vyote, kwahiyo madereva wengi wanabana, wanakunywa kidogo kidogo kitu chenye nguvu badala ya maji. Tumepanga naye anakunywa glasi mbili kubwa asubuhi kabla hajatoka, mchana akipita kula kwa mama ntilie mwenye choo anakunywa pale nyingine, na energy amerudi kwenye moja. Alijaribu pia zile zisizo na sukari. Sina ugomvi nazo kwa mtu mzima anayeshuka taratibu, Uholanzi walifanya utafiti uliotoka 2012, watoto 641, nusu wakapewa kikopo kimoja kwa siku chenye sukari na nusu kisicho na sukari kwa miezi 18, wenye sukari wakaongezeka uzito kilo 7.37 na wasio na sukari 6.35, kwahiyo tofauti ipo. Ila Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasitegemee hivyo vitamu mbadala kudhibiti uzito, na kwa watoto ulimi unabaki unadai utamu ule ule.

Swali la choo likanifanya niulize na shule. Binti anabeba chupa yake ya maji, anairudisha nusu. Nikadhani amesahau ladha, kumbe yeye na wenzake wanaogopa kwenda choo cha shule, milango mingine haifungi, wanajibana mpaka saa nane. Yani mtoto wa kike hanywi maji kwa sababu mlango wa choo hauna komeo. Dada na wazazi wengine watatu wa darasa lile wamepeleka hoja kwenye kikao cha wazazi, makomeo na bawaba siyo hela ya kushindwa kuchanga, fundi wa mtaani ameshapima milango na orodha ya vifaa wanayo, wanasubiri kikao cha mwezi ujao kipitishe mchango. Kwa sasa anakunywa mengi akishafika nyumbani, anapita moja kwa moja kwenye stuli na begi bado liko mgongoni.

Chai bado ina sukari. Imeshuka kutoka viwili kwenda kimoja kwa watoto, kwa shemeji bado viwili na anajaza. Kijana wa form two soda anakunywa akiwa na wenzake na hatumfuatilii, nyumbani anakunywa maji bila kuambiwa na hilo linatosha kwa umri wake. Jino lililooza liling'olewa, yale matatu yamezibwa, daktari anataka kumuona tena mwisho wa muhula.